Kiingereza cha Kusikilia

Mkwe wangu alikuwa anapiga simu kila Jumapili baada ya ibada, na kila Jumapili alinitukana bila kutumia tusi hata moja. Ilikuwa hivi. Kwanza alinisalimia kwa Kiswahili, kwa heshima yote ya mkwe: mama umeamkaje, mama mgongo unaendeleaje, mama muhogo umekauka? Halafu akasema, nipe mtoto. Nilimpa mjukuu wangu simu lakini sauti niliiacha nje, kwenye spika, maana linalosemwa nyumbani kwangu lazima lisikike nyumbani kwangu. Hapo ndipo mwanamume yule alipogeuza ulimi. Alianza Kiingereza. Mtoto naye akajibu kwa Kiingereza, maneno mafupi mafupi, macho yake ukutani. Mimi nilibaki kwenye kigoda changu katikati yao kama kinu.

Lazima nieleze Kiingereza kiliingiaje nyumbani kwangu. Vita vilipofika Bunia, mji wetu huku Kongo, kila mtu alikimbilia upande aliouona uko wazi. Mimi nilishika njia ya kusini, nikarudi Butembo nilikozaliwa. Binti yangu na mumewe walivuka ziwa wakaingia Uganda mpaka Kampala, mtoto akiwa mgongoni. Huko mtoto alianza shule, na huko huko binti yangu akaugua akafa. Niliporudi Bunia, mkwe wangu alinitumia mtoto kwa mkono wa mwanamke aliyekuwa anarudi, na mfuko mmoja wa nguo. Alisema mwanamume mwenye msiba hawezi kulea. Kisha akaoa. Kisha mke akazaa. Na mjukuu wangu alipokaribia kumaliza shule ya msingi, yule baba akakumbuka kwamba ana binti.

Mahari ya binti yangu aliitoa yote, mbuzi kwa mbuzi. Hilo siwezi kumnyima. Na kwetu, mama akishatolewa mahari, mtoto ni wa kwa baba. Wazee wa pande mbili wakaja kukaa uani kwangu, wakala kuku wangu, wakaamua: kama baba anamwita mtoto kwa ajili ya shule, aende, kama si shule, abaki kwa koko wake. Koko ndiye bibi, ndiye mimi. Mkwe wangu akaapa kwenye simu kwamba ni shule, tena shule nzuri, ya sare na soksi. Wazee wakafuta midomo wakaenda zao. Mtoto angekuja kuchukuliwa baada ya mtihani wa mwisho wa mwaka.

Nikabaki na swali langu. Kama ni shule, kwa nini isisemwe kwa Kiswahili?

Mtu ataniambia, si ungemuuliza mtoto? Hapana. Mtoto haulizwi maneno ya baba yake. Ukimuuliza unamfundisha kusaliti, na akikataa kusaliti umemfundisha kudanganya. Mimi sikuwa tayari kumpeleka kwa watu na elimu ya namna hiyo.

Nyuma ya kanisa letu kulikuwa na chumba, na ndani ya chumba kijana mmoja aliyerudi kutoka Uganda akifundisha Kiingereza alasiri. Miaka ile mji ulikuwa umetulia kwa utulivu wa kwake. Soko lilifunguliwa. Magari meupe ya wageni wa kulinda amani yalipita yakitumwagia vumbi. Mara bunduki zilisikika upande wa vilima, watu wakainua shingo, wakasikiliza, wakaendelea kupima unga. Vijana walitaka Kiingereza wapate kazi kwenye magari meupe. Wachuuzi walikitaka ili Kampala wasiwageuze wajinga. Mimi sikukipenda. Mara ya kwanza nilikisikia kwa askari waliokuwa wanaitana barabarani mwetu, na sikio langu halijasahau.

Niliingia nikakaa benchi la mbele.

"Mama muzee," mwalimu akasema, "mukutano ya bamama iko upande ile."

"Nimeiona. Mimi nimekuja kusoma."

Wakacheka. Niligeuka nikawaangalia mmoja mmoja mpaka wakanyamaza.

"Unataka Kiingereza ya nini, koko? Ya kusafiria ao ya kuuzia?"

"Ya kusikilia."

"Kusikilia nani?"

"Weye fundisha."

Nyumbani nilisema nakwenda maombi ya akina mama. Sikuona haja ya kumweleza mtoto zaidi.

Maneno ya kawaida hayakunishinda. Maji ni maji, mlango ni mlango, unaliweka moja mahali pa lingine. Yaliyonikera ni yale ambayo mwalimu aliyaita vitenzi vyenye mkia. Aliandika ubaoni "look", akasema ni kuangalia. Sawa. Kisha akalifunga mkia, "look for", akasema sasa ni kutafuta. Akaukata mkia ule akafunga mwingine, "look after", akasema sasa ni kutunza. Akafunga wa tatu, "look down on", akasema sasa ni kudharau.

"Nani aliamua vile?" nikauliza.

"Hakuna mutu aliamua, koko. Lugha iko vile."

"Basi ni fujo."

"Ni fujo, ndiyo. Lakini wenyewe wanasikilizana."

Nilikwenda nyumbani na hasira. Lakini mimi nimeishi kwa muhogo, na nilipokuwa naumenya nikaona kwamba fujo hiyo naijua. Muhogo ni ule ule. Ukiuchemsha unakula na chai. Ukiuloweka siku zake ukaukausha, unapata unga wa bugali. Ukiusahau ndani ya maji, majirani wanakuja kuuliza nani amekufa kwako. Hakuna aliyeamua. Ni kujua tu kila mmoja umefanywa nini.

Kuandika kwangu ni kwa shida. Masista walinifundisha madarasa mawili tu, kusoma Biblia polepole na kuandika jina langu. Basi daftari sikununua. Kila neno nililitundika juu ya mtu, na niliwachagua watu nisiowapenda, maana hao ndio siwasahau. "Show off", kujionyesha, nilimpa kiongozi wa kwaya, anayeimba amefumba macho lakini kiatu kimoja amekinyoosha mbele ili watu wakione. "Turn up", kutokea, nilimpa shemeji yangu, ambaye miguu yake inajua saa ambayo sufuria inateremka. "Put off", kuahirisha, nilimpa mchungaji wetu. Yeye alikuwa anatuahidi kuziba paa la kanisa baada ya mvua, na mvua ikiisha anasema baada ya kiangazi, na siye tunaimba tumeweka beseni katikati ya madhabahu na benchi la kwanza. "Give back", kurudisha, nilimpa jirani mwenye mchi wangu. "Run away", kukimbia, niliwapa mji mzima, na mimi ndani yake.

Neno moja tu lilikosa mtu. "Get along", kupatana. Nilipita kartie nzima, mtaa wetu wote, kichwani, nyumba kwa nyumba, kuanzia kisimani mpaka barabara kubwa. Watu walisalimiana, ndiyo. Walinunuliana sabuni. Lakini hakuna mlango niliosimama mbele yake nikasema, hapa.

Mwalimu naye, kwa ujinga wa ujana, alilichagua neno hilo hilo kwa zoezi la wawili wawili. Darasani tulikaa kama mji ulivyokaa: watu wa upande wetu mabenchi ya dirishani, watu wa upande wa pili wa soko mabenchi ya ukutani. Hakuna aliyetupanga. Mwalimu akamtoa ukutani mama mmoja mnene, mchuuzi wa chumvi na vitenge, ambaye watu wa kwao na majirani zangu walikuwa wamechomeana nyumba. Akamkalisha karibu yangu.

"Semeni pamoja: we get along."

"Yeye aanze," nikasema.

"Mimi nianze? Mimi njo nilikimbizwa!"

"Na mimi nilikimbia nikicheza?"

"Bamama, bamama. Ni zoezi tu."

"Ni zoezi ya uongo," yule mama akasema. Hapo nikaona kwamba walau ana akili.

Mwalimu akafuta ubao haraka. Akatuambia basi kila mmoja atunge sentensi ya kweli, neno alitakalo. Mimi nikamsema jirani na mchi wangu. Yule mama akakunjakunja pindo la kitenge, akasema amechagua "look after". Aliisema sentensi yake kwa Kiingereza, akaieleza kwa Kiswahili kwa sababu mabenchi ya nyuma hayakuelewa.

"Nili-look after batoto ya dada yangu, kule Kampala. Nilikuwa kamusichana. Walinitoa huku wakasema ni shule. Mutoto akatembea, mwingine akazaliwa. Ule akatembea, mwingine tena. Siku niliuliza shule, dada akaniambia, sasa umekuwa mukubwa, utakaa aje na batoto kwa benchi?" Akacheka peke yake. "Ile Kiingereza yangu munasifu, niliiokota ndani ya karai ya nepi."

"Vizuri sana," mwalimu akasema. "Sentensi iko sawa kabisa."

"Funga mudomo," nikamwambia.

Yule mama aliniangalia kama mtu aliyekanyagwa mguu na mtu ambaye hakumtarajia. Tulitoka kila mmoja na njia yake, hatukuagana. Lakini "look after" nilimtundikia yeye, na karai lake.

Tangu siku hiyo nilisoma kwa nguvu. Nilikuwa narudia maneno nikitwanga, pigo moja neno moja. Mtoto alikuwa anageuza muhogo juu ya turubai uani, anafukuza kuku, anafagia. Alipofagia alifika mlangoni akalizunguka furushi langu bila kuligusa, kama kila siku. Furushi hilo halikuwa siri. Kila nyumba ya kartie yetu ilikuwa na la kwake: sufuria, blanketi, kiberiti, chumvi, kitenge kimoja kizuri, vyote vimefungwa tayari. Na viatu sikuvivua nilipolala. Hakuna aliyelisema jambo hilo, ni kama kufunga komeo.

Mtihani ukaisha. Jumapili iliyofuata mkwe wangu akapiga. Mama umeamkaje, mama mgongo, mama muhogo. Nipe mtoto.

Nilikuwa namenya. Sikuinua kichwa. Kiingereza chake kilikimbia kama mwendesha pikipiki asiye na breki, na sehemu kubwa ilinipita, lakini sikuhitaji yote. Nilikuwa nimekaa kama askari wa kizuizi cha barabarani anayetafuta sura mbili tu kati ya wapita njia. Ikapita "look after", nikamwona mama wa chumvi na karai lake. Nyuma yake "the baby". Mikono yangu iliendelea kumenya. Kisha akatokea mchungaji wetu, amesimama chini ya matundu ya paa lake, anatuambia baada ya mvua. "Put off". Na nyuma ya mchungaji, "school".

Nikaweka kisu chini. Nikamnyang'anya mtoto simu.

"You," nikasema. "You look after the baby. You, father."

"Mama?"

"Ni mimi. Na shule haina put off. Uliapa mbele ya bazee."

"Mama, haukusikia vizuri, ile nilikuwa nasema ni..."

"Basi rudia kwa Kiswahili. Polepole. Mimi niko nasikia."

Alirudia. Mtoto mchanga anasumbua. Mke anafanya kazi. Shule ingekuja mwaka unaofuata, labda ule mwingine, mambo yakikaa sawa. Alisema yote hayo kwa Kiswahili safi, kumbe aliweza. Kisha akauliza, sauti yake ikiwa ndogo:

"Mama, nani alikufundisha?"

"Haikuhusu."

Sikungoja kesho. Nilivaa kitenge cha ibada nikaenda kwa mzee wa upande wa kwao, maana wa upande wangu nilijua atasema nini. Yule mzee alinisikiliza, akanifanya nirudie, akampigia mkwe wangu, mtoto wa kwao, mbele yangu. Alimuuliza swali moja: shule inaanza lini? Alisikiliza jibu refu. Akakata simu, akaniambia, "Mutoto abaki." Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyeshinda kesi ya kiwanja.

Mjukuu wangu alikuwa uani anageuza muhogo. Nikamwambia: hauendi, mzee wa kwa baba yako amekata shauri. Hakulia. Aliendelea kugeuza, kipande kwa kipande.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kama ni kubeba mutoto. Baba aliniambiaka tangu mwanzo."

"Na ulinyamaza?"

"Haukuniuliza, koko."

Nikatafuta lingine. "Na hii masomo yangu, ulijua?"

"Unatwangaka nayo. Give up, give in, give back. Batu ya avenii nzima banajua. Ule jirani alirudisha muchi sababu alizani unamuroga."

Kweli mchi ulikuwa umerudishwa. Nilidhani ni sala.

"Kama ulijua ni kazi ya kubeba batoto ya watu," nikasema, "ulitaka kwenda ya nini? Jibu. Kwangu haukulaka? Haukuvalaka?"

Akanyoosha kidole, kidole chenye unga, kuelekea mlangoni. Kwenye furushi.

"Kule batu banalalaka bila viatu," akasema. "Weye unanikataza kwenda, na weye mwenyewe uko wa kwenda kila siku. Unaniweka pahali yenye hata weye haukae."

"Funga mudomo."

Akafunga. Angejibu ingekuwa afadhali. Alirudi kwenye muhogo wake kama vile mimi ni kuku aliyeshafukuzwa.

Niliingia ndani nikakaa kitandani na viatu vyangu miguuni. Nilikasirika na baba yake, na mke wa baba yake, na wazee waliokula kuku wangu, na mwalimu. Nilizunguka wote nikarudi pale pale mlangoni. Nilikuwa nimemshinda mwanamume yule kwa lugha yake mwenyewe, mtoto amebaki. Sasa amebaki wapi? Nyuma ya furushi.

Nikaenda nikalifungua. Fundo lilikuwa limekaza miaka, nikatumia meno. Blanketi nililitandika juu ya kitanda chake. Kitenge nilikitundika msumarini. Kiberiti kilikuwa kimeshika unyevu, nikakitupa. Chumvi iligeuka jiwe, imekunywa rangi ya mfuko, haifai hata kwa mbuzi. Nikavua viatu, nikavisukuma chini ya kitanda kwa mguu.

Nilipogeuka, mtoto amesimama mlangoni.

"Na vita ikirudi," akasema, "utabeba nini?"

"Nitabeba mudomo yako. Peke yake itatosha kubafukuza."

Hakucheka. Aliangalia mahali furushi lilipokuwa. Sakafu pale ilikuwa na rangi tofauti, duara jeusi kama alama ya sufuria. Akachukua ufagio akapafagia, kwa hasira, vumbi lote akalielekeza miguuni kwangu, miguu mitupu. Kisha akaokota sufuria akaenda kuisugua kwa mchanga, apike sombe, yale majani ya muhogo.

"Sombe haina chumvi," akasema kutoka nje, bila kuniita koko.

"Kanunue."

"Duka ya huku imefungwa. Ni Jumapili."

"Kanunue kwa ule mama munene wa upande wa pili. Anauzaka nyumbani kwake."

"Upande wa pili?"

"Masikio yako iko na nta? Mwambie ni koko wa darasani amekutuma. Akikuuliza kama na weye utaenda Kampala, umwambie hapana."

Alikaa huko muda mrefu kuliko inavyohitaji chumvi. Nilisimama kwenye ua, bila viatu, nikiangalia njia, na kama jirani angenisalimia saa ile ningemtukana. Alirudi na chumvi, na juu ya chumvi kipande cha sabuni ambacho sikuagiza.

"Amesema nini?"

"Amesema koko wako iko na kinywa mubaya."

"Na weye ulimujibu nini?"

"Nilimwambia ni kweli."

Akapika. Sombe ilipoiva alipakua, na sahani yangu akaijaza kidogo kuliko yake, mbele ya macho yangu, akangoja niseme. Nikala.